Namna ya Kuchora Mti wa Nasaba wa Nanasi, Mafunjo na Mpunga kwa Mimea ya Mwanza

Ukimwambia mtu anayekula kipande cha nanasi pale stendi ya Nyegezi kwamba tunda hilo lina udugu na mafunjo yanayoota kando ya ziwa, na kwamba vyote viwili vina udugu na mpunga wa majaruba ya Magu, atadhani unamtania. Hata hivyo wanabotania wanaiweka mimea hiyo yote katika oda moja (yaani kundi linalokusanya familia kadhaa za mimea) iitwayo Poales, yenye familia 14 na spishi zaidi ya 20,000, ambamo pia mna mahindi, mtama, ulezi, uwele, miwa, ngano na mianzi. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuuchora mwenyewe mti wa nasaba wa oda hiyo kwa mimea inayopatikana Mwanza, na jinsi ya kuepuka mitego ambayo imewahi kuwanasa hata wataalamu. Nimewakusudia hasa wanafunzi wa kidato cha tano na sita pamoja na walimu wao, lakini yeyote mwenye wembe, lenzi ya mkono na subira anaweza kuufuata.

Kabla ya kugusa mmea wowote, ielewe kanuni moja ambayo kazi yote inaitegemea. Mimea miwili ikifanana katika sifa fulani, hujapata ushahidi wa udugu mpaka ujue sifa hiyo ilianzia wapi. Watoto wawili kuwa na vidole vitano hakuthibitishi kwamba wamezaliwa nyumba moja, kwa kuwa hata mtoto wa jirani anavyo vitano. Lakini wote wawili wakiwa na kidole cha sita, mahali palepale na chenye umbo lilelile, utaanza kuuliza baba yao ni nani. Sifa za kale zilizorithiwa na kila mtu hazitenganishi matawi. Kinachotenganisha matawi ni sifa mpya zilizozuka mara moja kwa mhenga fulani na kubaki kwa wazao wake. Ili ujue ipi ni ya kale na ipi ni mpya, unahitaji mmea wa nje, yaani mmea ulio jirani na oda unayoichunguza lakini usio ndani yake. Hapa kwetu mmea huo tunao kwa wingi kuliko tunavyoutaka: magugu maji. Yapo katika oda ya Commelinales, pamoja na kongwa linalotambaa mashambani na kutoa maua madogo ya buluu, na oda hiyo ni jirani wa Poales katika kundi kubwa la mimea ya kotiledoni moja ambalo pia lina minazi, migomba na tangawizi.

Kukusanya vielelezo hakuhitaji zaidi ya siku moja. Sokoni nunua nanasi moja ambalo halijaiva sana na ambalo bado lina majani yake ya juu. Shambani chukua ndago mbili au tatu zenye maua, mbelewele za mahindi, na suke la mpunga lililoanza kuchanua. Ufukweni tafuta bua moja la mafunjo, bua moja la matete na ua la magugu maji. Ukibahatika kuona, kwenye bwawa au mfereji, mmea wenye majani marefu kama upanga na kichwa cha kahawia kinachofanana na gunzi lililovikwa manyoya, uchukue pia, kwa kuwa huo ni Typha, na bila huo sehemu ya chini ya mti wako itakuwa na pengo. Usiingie majini kwa miguu mitupu. Konokono wanaoeneza kichocho hupenda maji yaliyotulia katikati ya majani ya ufukweni, na vaa mabuti ya mpira hata kama wenyeji wa mwalo wanakucheka. Njia nzuri zaidi ni kumwomba mvuvi aliye kwenye mtumbwi akukatie. Kata kile unachokihitaji tu, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaulinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli zinazoharibu mazingira, nao mimea hiyo ndiyo inayochuja tope kabla halijafika majini.

Anza uchunguzi kwa bua, na hapa nikiri kosa langu. Mara ya kwanza nilipowapeleka wanafunzi ufukweni upande wa Luchelele, nililikata bua la mafunjo karibu na shina, nikawaonyesha kwamba ni la mviringo, nikaanza kupata shaka juu ya vitabu vyangu, ambavyo vyote vilisema mimea ya familia hiyo ina bua la pembe tatu. Mzee mmoja aliyekuwa akifunga matita ya mafunjo ya kusukia mikeka alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, kata huku juu." Alichukua ncha ya bua, chini kidogo ya kile kishungi cha nyuzi za kijani, akaiweka kati ya kidole gumba na cha shahada na kuisukuma kama mtu anayejaribu kusokota uzi. Haikuzunguka, ilikwama kila ilipofika kwenye pembe. Sehemu ya chini ya bua la mafunjo ni nene na karibu ya mviringo, na pembe zinajitokeza wazi kadiri unavyopanda juu. Tangu siku hiyo nawafundisha wanafunzi kutumia vidole kabla ya macho.

Fanya jaribio hilohilo kwa ndago, na utakuta pembe tatu kali zaidi. Kisha itazame ndago kutoka juu, kama unayechungulia ndani ya chungu: majani yake yamepangwa katika safu tatu. Ala ya jani, yaani ile sehemu inayolikumbatia bua, imefungika pande zote kama soksi. Sasa chukua tete. Bua lake ni la mviringo, lina mafundo yanayoonekana waziwazi, majani yamepangwa katika safu mbili zinazoelekeana, na ala imepasuka upande mmoja kiasi kwamba unaweza kuifungua kwa ukucha bila kuichana. Mahindi yana mafundo, safu mbili na ala iliyopasuka vilevile, ingawa bua lake limejaa na la tete lina uwazi. Ndiyo maana nakushauri usiutumie uwazi wa bua kama kigezo: miwa, mahindi na mtama vyote vina mabua yaliyojaa, na bado ni nyasi kamili. Mafunjo na ndago ni wa familia ya Cyperaceae, yenye spishi zipatazo 5,500, na wote wawili ni wa jenasi moja ya Cyperus. Mkulima anayeing'oa ndago kwa hasira kila msimu anang'oa binamu wa mmea ambao Wamisri wa kale waliutengenezea karatasi.

Matete, mahindi na mpunga ni wa familia ya Poaceae, yaani nyasi. Mahali panapokutana ala na bapa la jani, upande wa ndani, kuna kiungo kidogo ambacho wengi hukipita bila kukiona, nacho kinafaa sana kutenganisha nyasi kwa nyasi. Livute jani la mpunga taratibu kutoka kwenye bua na utaona kigozi cheupe, kirefu, chenye ncha iliyopasuka mara mbili kama ulimi wa kenge. Kwenye mahindi kigozi hicho ni kifupi na kimekatika butu. Kwenye matete hutaona kigozi cha kueleweka, ila safu ya vinywele vilivyosimama kama brashi ya meno. Ukikipeleka kidole ukingoni mwa jani la tete, uwe mwangalifu, kwani linakata. Ndani ya majani ya nyasi mna vijiwe vidogo sana vya silika ambavyo haviozi na ambavyo vina maumbo yanayotambulika chini ya hadubini. Vijiwe vya aina hiyo vilipatikana ndani ya kinyesi cha dinosaria kilichogeuka jiwe huko India, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, na hivyo ikajulikana kwamba nyasi zilikuwapo tayari kabla dinosaria hawajatoweka miaka milioni 66 iliyopita.

Baada ya majani, nenda kwenye maua, na kwa mpunga chagua muda. Kila ua la mpunga hufunguka kwa muda mfupi tu, kwa kawaida kati ya saa tatu na saa sita asubuhi siku yenye jua. Ukifika jarubani mchana utakuta maua yamekwisha kujifunga. Ukiwahi, utaona maganda mawili yameachana, na kati yake zimening'inia stameni za manjano, yaani viungo vya kiume vinavyotoa chavua. Zihesabu kwa lenzi: ni sita. Kisha hesabu za mahindi katika ua moja la mbelewele: ni tatu. Za ndago nazo hazizidi tatu. Hapo ndipo mwanafunzi mwerevu anapoinua mkono na kusema kwamba mahindi na ndago ni ndugu wa karibu kuliko mahindi na mpunga. Ni hitimisho la haraka, na ni sahihi kulikataa, lakini mweleze kwa nini.

Lipasue sasa ua la magugu maji, ambao ndio mmea wetu wa nje. Lina stameni sita, tatu ndefu na tatu fupi. Kisha chukua nanasi. Kila "jicho" la nanasi lilikuwa ua kamili, na tunda zima ni maua mengi yaliyoshikana na mhimili wake. Chagua jicho moja la upande wa juu, likate kwa wembe kuzunguka ukingo wake, ulibandue lile jani dogo lenye ncha linalolifunika, na chini yake utakuta sepali tatu nene zilizokutana katikati kama mikono ya watu watatu wanaolinda moto wa kiberiti. Zipasue. Ndani kuna kishimo chenye mabaki makavu ya petali tatu, stameni na kijiti cha sehemu ya kike ya ua, na ukikata chini zaidi utaona ovari yenye vyumba vitatu. Ua likiwa hai petali huwa za zambarau, na stameni ni sita. Kwa hiyo sita ipo kwenye mmea wa nje, ipo kwenye nanasi, na ipo kwenye mpunga. Sita ni idadi ya kale. Mpunga kuwa nayo hakuusogezi karibu na nanasi hata hatua moja, na tatu ya mahindi na tatu ya ndago ni upungufu uliotokea mara mbili, katika matawi mawili tofauti.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, na uliwahi kuwanasa watu wakubwa. Nyasi, ndago na Typha zote zina maua madogo yasiyo na rangi wala harufu ya kuita nyuki, kwa sababu chavua yake hubebwa na upepo. Mwanabotania Arthur Cronquist wa Marekani, katika mfumo wake wa mwaka 1981, aliziweka nyasi na ndago pamoja katika oda ya Cyperales, Typha akaipa oda yake, na nanasi akalitenga kabisa katika oda ya Bromeliales. Kwa macho peke yake, mpangilio huo una mantiki, na mimi simlaumu. Lakini katikati ya familia hizo zimo nyingine za oda hiyohiyo, kama Xyridaceae na Rapateaceae, ambazo bado zina petali za rangi na hutembelewa na wadudu. Ukizipanga zote kwa ushahidi wa vinasaba, unaona kwamba uchavushaji wa upepo ulizuka zaidi ya mara moja, na kwamba ndugu wa karibu wa ndago ni familia ya Juncaceae, wakati ndugu wa karibu wa nyasi ni familia ndogo zisizopatikana kwenye ufukwe wetu, kama Joinvilleaceae ya visiwa vya Pasifiki na Ecdeiocoleaceae ya magharibi ya Australia.

Mtego wa tatu ni wa usanisinuru. Mahindi, miwa, mtama, na mafunjo pia, hutumia njia iitwayo C4, inayoifaa mimea ya jua kali. Mpunga na ngano hutumia njia ya kawaida ya C3. Nanasi nalo hufungua vitundu vya hewa vya majani yake usiku na kuihifadhi hewa ya kaboni mpaka asubuhi. Oda moja ina njia zote tatu, jambo ambalo kwangu ni la kuvutia kuliko jingine lolote kuhusu Poales. Lakini usiitumie C4 kuunganisha mafunjo na mahindi: ndani ya familia ya nyasi peke yake njia hiyo ilizuka zaidi ya mara 20, na kwa Cyperaceae ilizuka kwa wakati wake.

Sasa swali linalobaki ni hili: ikiwa sura, maua na hata usanisinuru vinadanganya, oda yenyewe inashikiliwa na nini? Ukweli ni kwamba alama za nje zinazoiunganisha Poales nzima ni chache, na nguzo yake kuu ni vinasaba. Mwaka 1993 kundi la watafiti lililoongozwa na Mark Chase lilichapisha ulinganisho wa jeni iitwayo rbcL ya kloroplasti, yaani kile kiungo cha kijani cha seli kinachofanya usanisinuru, kutoka mimea ipatayo 500, na miaka mitano baadaye kundi la kimataifa la wanabotania linalojulikana kwa kifupi cha APG (Angiosperm Phylogeny Group) likatoa mfumo wake wa kwanza wa uainishaji. Mfumo huo ulirekebishwa mwaka 2003, 2009 na 2016, na familia 14 nilizozitaja ni za toleo la 2016.

Kuna ushahidi mmoja wa vinasaba ambao mwanafunzi anaweza kuuelewa bila maabara. Kila mtu aliyesoma chuo anajua fotokopi za notisi. Mtu wa kwanza akikosea, akaiweka ukurasa wa 12 kichwa chini, kila nakala itakayotolewa kutoka kwenye nakala yake itakuwa na ukurasa wa 12 uliopinduka, na ukikutana na nakala hiyo kwa mtu wa Butimba na nyingine kwa mtu wa Igoma, utajua zimetoka kwenye asili moja. Katika kloroplasti ya nyasi kuna kipande cha takriban herufi 28,000 za DNA kilichopinduka namna hiyo. Kipande hichohicho kimepinduka kwa Joinvilleaceae na kwa Restionaceae, lakini kwa nanasi na mafunjo kimekaa kama kilivyokuwa. Kuna pindo jingine dogo zaidi ambalo lipo kwa nyasi tu. Mapindo hayo mawili yanakupa matawi mawili, moja ndani ya jingine, na hivyo ndivyo mti mzima unavyojengwa.

Vinasaba vimeondoa pia, si kuongeza tu. Mimea midogo sana ya majini ya familia ya Hydatellaceae, inayoota Australia, New Zealand na India, ilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa jirani ya nyasi, kwa kuwa ina majani membamba na maua duni. Mwaka 2007 uchunguzi ulionyesha kwamba ni ndugu wa yungiyungi, yale maua yanayoelea kwenye ghuba zetu zenye maji tulivu, ambayo yapo karibu kabisa na mzizi wa mti wa mimea yote ya maua.

Kuchora ni kazi ya nusu saa ukishakuwa na hayo mkononi. Chukua karatasi ya manila na kalamu ya risasi, kwa sababu utafuta. Chini kabisa, kando, weka magugu maji. Panda juu kidogo na uweke fundo la Poales, yaani mahali matawi yanapoachana, kisha kutoka kwenye fundo hilo toa nanasi na Typha kama matawi yaliyojitenga mapema. Usihangaike kuamua lipi lilianza, kwani tafiti tofauti zimeyapanga tofauti. Yachore yakitoka mahali pamoja. Tawi la tatu ligawanyike mara mbili: upande mmoja Cyperaceae, ukiwa na mafunjo na ndago, upande wa pili Poaceae. Ndani ya Poaceae gawa tena. Mpunga, mianzi na ngano hukaa katika kundi moja. Matete, mahindi, miwa, mtama, uwele na ulezi hukaa katika jingine, na nyasi zote za C4 ziko kwenye kundi hili la pili, ingawa si kila mmea wa kundi hilo ni wa C4. Katika kundi hilo mahindi, mtama na miwa vifungwe pamoja katika tawi dogo, matete na ulezi vikae nje ya tawi hilo. Watu wengi hulisogeza tete karibu na muwa kwa sababu vinafanana kwa mbali; ile safu ya vinywele uliyoiona kwa lenzi ikukumbushe kutofanya hivyo.

Kwenye kila fundo andika sifa mpya inayolishikilia, na kama huna, acha wazi. Fundo la nyasi andika pindo dogo la kloroplasti na punje ambayo ganda la mbegu limeungana na ganda la tunda. La Cyperaceae andika ala iliyofungika na safu tatu za majani. Usiandike "stameni sita" popote juu ya fundo la Poales.

Vielelezo vikaushe katikati ya magazeti, chini ya jiwe, ambalo Mwanza hutakosa, na ubadilishe magazeti kila siku mpaka majani yawe makavu. Kishungi cha mafunjo kikunje kwanza, la sivyo hakitaenea. Nanasi halikauki namna hiyo: hifadhi majani yake ya juu na mchoro wa jicho ulilolipasua. Andika kwenye lebo tarehe, mahali, na kama mmea ulikuwa majini au nchi kavu. Siku mwanafunzi atakapokuletea kongwa akiuliza aliweke wapi, mpe gundi na umwonyeshe pale chini, kando ya magugu maji.